Barabara salama haziji kwa hisani: Funzo la waendesha baiskeli wa London

Na Mwandishi Wetu, London

Jioni ya Novemba 29, 2013, mamia ya watu walilala chini barabarani mbele ya makao makuu ya mamlaka ya usafiri ya London (TfL), katika barabara ya Blackfriars, kila mmoja na baiskeli yake ubavuni. Walilala kimya kama maiti, mishumaa ikiwaka, ili wakubwa wa jengo lile waione kwa macho hesabu waliyozoea kuisoma kwenye makaratasi. Mwezi huo huo, kati ya tarehe 5 na 18, waendesha baiskeli 6 walikuwa wamegongwa na kupoteza maisha jijini humo. Wote sita waligongana na magari makubwa: malori na mabasi.

Tunaikumbusha habari hii kwa sababu inatuhusu zaidi ya tunavyodhani. Wengi wetu tukisikia waendesha baiskeli wa London tunawafikiria Wazungu wenye nguo za kubana na baiskeli za bei ya gari. Lakini wapo pia ndugu zetu wanaotoka nyumbani saa 10 alfajiri kwenda kusafisha maofisi, kabla treni za chini ya ardhi hazijaanza safari. Wapo vijana wetu wanaopeleka chakula majumbani hadi usiku wa manane, mvua ikinyesha, mkoba mkubwa mgongoni. Hao nao hukutana na lori la zege kwenye kona, gizani. Na hao ndio hatuwaoni kwenye mikutano inayoamua barabara hiyo ijengwe vipi.

Tuanze na hilo lori. Uingereza magari hupita kushoto, kama kwetu Afrika Mashariki. Mwenye baiskeli hukaa ukingoni, upande huo huo wa kushoto. Lori likifika njia panda na kutaka kukata kushoto, dereva aliyeketi juu kabisa haoni kilicho chini ya dirisha la upande wa pili. Baiskeli imesimama pale pale asipopaona. Taa ikiwaka kijani, lori linajipinda, na tairi za nyuma zinapita karibu zaidi na ukingo kuliko za mbele. Ndivyo watu wengi walivyokufa. Kwa takwimu za TfL za miaka ya 2015 hadi 2017, malori yalikuwa asilimia 4 tu ya mwendo wote wa magari jijini, lakini yalihusika katika asilimia 63 ya ajali zilizoua waendesha baiskeli.

Wakubwa walijibu kwanza kwa rangi. Kuanzia mwaka 2010 barabara kadhaa zilipakwa mistari mipana ya buluu, ikaitwa njia kuu za baiskeli. Rangi haizuii tairi. Mwaka 2011 watu wawili walikufa katika kipilefti cha Bow, mashariki mwa jiji, katika moja ya njia hizo.

Hapo ndipo wananchi walipobadili mbinu. Chama cha London Cycling Campaign, kilichoanzishwa mwaka 1978 na chenye matawi yake katika wilaya za jiji, kiliutumia uchaguzi wa meya wa mwaka 2012. Hakikuomba rangi zaidi. Kilidai London iige Uholanzi: njia ya baiskeli itengwe na magari kwa ukingo wa saruji. Zaidi ya saini 40,000 zilikusanywa na maelfu ya watu wakaendesha baiskeli katikati ya jiji kabla ya siku ya kura. Wagombea wakuu wakaahidi, akiwemo Boris Johnson aliyeshinda. Walipozilalia barabara mwaka 2013, watu walikuwa wanadai deni.

Na hiyo Uholanzi haikuzaliwa hivyo. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani nchini humo, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi waliunda kundi wakaliita Stop de Kindermoord, yaani komesheni mauaji ya watoto, wakafunga mitaa na kuandamana na watoto wao hadi serikali ikasikia. Wanaosema baiskeli ni mila ya Wadachi wanasahau kwamba mila hiyo ilikaribia kufa, ikafufuliwa kwa kelele za kina mama na kina baba.

London nako kelele zilizaa matunda. Mwaka 2016 zilifunguliwa njia zilizotengwa kando ya mto Thames na kutoka kaskazini kwenda kusini. Hazikupita kirahisi. Wenye teksi nyeusi walikwenda mahakamani, wakashindwa. Baadhi ya makampuni makubwa yalipinga, lakini kampuni nyingine nyingi ziliandika barua kuunga mkono, kwa kuwa wafanyakazi wao ndio waliokuwa wakihatarisha maisha. TfL ilipouliza maoni, majibu zaidi ya 20,000 yaliingia, na mengi yalisema jengeni.

Malori nayo yakabanwa. Tangu Septemba 2015 lori linaloingia London lazima liwe na vizuizi vya pembeni ili mtu asivutwe chini ya magurudumu, pamoja na vioo vya ziada. Tangu Machi 2021 malori yenye uzito wa zaidi ya tani 12 yanahitaji kibali, na hupewa nyota 0 hadi 5 kulingana na kiasi anachoona dereva kwa macho yake kupitia vioo vya dirisha. Oktoba 2024 kiwango kilipandishwa hadi nyota 3. Lisilozifikia lifungwe vifaa vya ziada vya usalama. Anayeingia bila kibali anaweza kutozwa faini ya pauni 550.

Lakini mapambano makali zaidi yalikuwa ya mitaani. Waltham Forest, kaskazini-mashariki mwa jiji, halmashauri ilipata fedha mwaka 2014 na kuanza kuziba vichochoro ambavyo madereva walivitumia kukwepa foleni. Mkazi aliweza bado kufika kwake kwa gari, ila mpita njia hakuweza tena kukatiza. Barabara ya Orford ilipofungiwa magari mchana, mwaka 2015, wapinzani walibeba jeneza kuashiria kifo cha biashara za mtaa. Hofu yao haikuwa ya kuchekwa. Mwenye duka anaishi kwa mauzo ya kila siku, na mkazi wa barabara kubwa ana haki ya kuuliza magari yaliyofukuzwa kule yatahamia wapi. Kwa hiyo kila mtaa ulijadiliwa, ukapimwa, ukarekebishwa. Waliokuwepo kwenye mijadala ndio waliosikika. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo.

Sasa tujiulize: sisi tulikuwa wapi? Wengi wetu hatujui kuwa tuna kura. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anaweza kujiandikisha na kupiga kura bila kuwa na pasipoti ya hapa. Tanzania, Kenya na Uganda zimo, na Rwanda iliingia mwaka 2009. Madiwani wa London huchaguliwa kila baada ya miaka 4, na diwani ndiye mwenye sauti juu ya mtaa unaopita na mtoto wako. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi ambao bado hawajapata uraia hawana kura hiyo, lakini halmashauri inapokusanya maoni kuhusu barabara haiulizi pasipoti. Ukikaa mtaani hapo, maoni yako ni halali.

Tunajua kwa nini tunakaa pembeni. Aliyekimbia nchi yake hujifunza kutojionyesha, na mwenye kazi mbili hana jioni ya kukaa mkutanoni. Lakini anayepanda baiskeli saa 10 alfajiri ana ushahidi ambao mhandisi wa mchana hana. Anajua taa ipi ya barabarani imezimika, shimo liko wapi, na malori ya ujenzi huanza kupita saa ngapi. Ushahidi huo unaweza kuandikwa katika barua ya mistari mitano.

Kwetu nako kazi hii ina wenyewe. Neno bodaboda lilianzia kwenye baiskeli zilizovusha abiria mpakani Busia, kabla pikipiki hazijachukua jina. Dar es Salaam, wanachama wa UWABA, umoja wa waendesha baiskeli, wamekuwa wakidai njia salama. Mabasi ya mwendo kasi yalipoanza Mei 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, njia za miguu na baiskeli zilijengwa kando yake, na mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Kazi inayobaki ni kuzilinda njia hizo dhidi ya pikipiki na magari yanayoegeshwa juu yake, na kuzifikisha mitaa isiyo na lami. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki, na kiwango cha Afrika ndicho kikubwa kuliko vyote.

Kwa msomaji aliyeko London, mambo ni matatu. Usipite kamwe kushoto kwa lori lililosimama njia panda, hata kama nafasi ipo. Bora uchelewe kazini. Usiku washa taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, ndivyo sheria inavyotaka. Na iulize halmashauri yako kuhusu mafunzo ya baiskeli kwa watu wazima, maana nyingi hutoa bure au kwa bei nafuu. Ukishauliza hilo, uliza pia jina la diwani wako, umwandikie ni kona ipi inayokutisha.