Je, Wajua? Namba Mbili Chini ya Birika

Je, wajua kwamba ukiwa na namba mbili tu za kifaa cha umeme, zilizobaki unazipata mwenyewe? Zidisha volti kwa ampea, utapata wati, yaani nguvu. Gawa volti kwa ampea, utapata omu, yaani ukinzani. Pindua birika la umeme usome kibandiko chake: volti 230, wati 2000. Gawa 2000 kwa 230, mkondo ni ampea 8.7. Gawa 230 kwa 8.7, ukinzani wa waya uliomo ndani ni kama omu 26. Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi.

Utamu unaanza umeme unapokuwa mdogo. Tuseme jioni, mtaa mzima ukiwa unapika, volti zimeshuka kutoka 230 hadi 180. Huo ni upungufu wa asilimia 22 hivi, na mtu angetarajia birika nalo lipungukiwe kiasi hicho hicho. Sivyo. Waya wa ndani haujabadilika, omu zake ni zile zile 26, kwa hiyo volti zikipungua mkondo nao unapungua, hadi ampea 6.8. Sasa zidisha 180 kwa 6.8: wati 1225 tu. Karibu asilimia 39 ya nguvu imeyeyuka, kwa kuwa namba zote mbili za kuzidisha zimeshuka kwa pamoja. Ndiyo maana chai inachelewa kuliko unavyodhani inastahili kuchelewa.

Geuza hesabu hiyo uone hatari yake. Ndugu aliyeko Marekani amekuletea birika zuri la wati 1500, la volti 120. Ukinzani wake ni omu 9.6. Ukilichomeka Dar es Salaam au Mombasa, litavuta ampea 24 na kutaka kutoa wati 5500, karibu mara nne ya kiwango chake. Fyuzi ya ampea 13 kwenye plagi ikikatika mapema, shukuru. Adapta haisaidii kitu hapo, kwa maana inabadilisha umbo la pini tu, volti haizigusi. Chaja ya simu ya huko huko hupona kwa sababu nyingine kabisa: mara nyingi imeandikwa volti 100 hadi 240, na ndani yake mna saketi inayojirekebisha.

Je, wajua balbu ya waya hudanganya hesabu? Ya wati 60 kwenye volti 230 inapaswa kuwa na omu 880 hivi. Ipime kwa mita ikiwa imezimwa na imepoa, utakuta hazifiki hata 100. Waya wake wa tungsteni huzidi nyuzijoto 2000 za Selsiasi unapowaka, na ukinzani hupanda pamoja na joto. Kwa hiyo mkondo mkubwa kuliko wote hupita pale tu unapobonyeza swichi, na balbu nyingi za aina hiyo hufa wakati huo huo.

Aliyeigundua kwanza kanuni hii ya volti, ampea na omu hakuwa na mita. Mwingereza Henry Cavendish, mwaka 1781, alipitisha umeme kwenye mirija ya maji ya chumvi kisha mwilini mwake, akilinganisha mishtuko kwa kuihisi. Alipata jibu sahihi, akalifungia kwenye makaratasi yake. Lilichapishwa mwaka 1879, miaka 69 baada ya kifo chake.

Sifa zikaenda kwa Mjerumani Georg Ohm, mwana wa fundi wa kufuli, aliyekuwa akifundisha shule mjini Köln. Betri za wakati huo ziliyumba, hivyo akaunganisha bismuthi na shaba, kiungo kimoja kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu, akapata umeme mdogo lakini uliotulia. Kitabu chake cha mwaka 1827 kilipokewa kwa ubaridi Ujerumani. Heshima ilitoka ugenini: London ilimpa Nishani ya Copley mwaka 1841.

Mbinu ya Cavendish usiijaribu. Ngozi kavu inaweza kuwa na makumi ya maelfu ya omu, ila ikilowa, ukinzani wa mwili hushuka hadi kama omu 1000. Volti 230 gawa kwa 1000 ni miliampea 230. Vikata umeme vya usalama vya nyumbani kwa kawaida hutegwa kwa 30, na si kwa woga wa bure.

Hesabu hiyo hiyo ya volti na ampea ndiyo iliyopandisha volti za nyaya zinazotoka Rufiji, Tanzania. Kila mtambo wa bwawa la Julius Nyerere ni wa megawati 235. Kuzisafirisha kwa volti 230 kungehitaji zaidi ya ampea milioni moja. Kwa volti 400,000, zile za njia ya kwenda Chalinze, ni kama 590 (hapa nimeziacha kando fezi tatu, zisituchafulie hesabu). Na joto linalopotea kwenye waya hufuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo kwenye waya ule ule tofauti ya upotevu ni kama mara milioni tatu.