Tuzo kwa Aliyezomewa

Usiku wa tarehe 2 Novemba, 2024, mjini Toronto, nchini Kanada, fulana namba 15 ilipandishwa hadi darini mwa ukumbi wa timu ya mpira wa kikapu ya Raptors, ikaachwa ining'inie huko daima. Maana yake ni kwamba hakuna mchezaji mwingine wa timu hiyo atakayeivaa namba hiyo tena. Heshima kama hiyo Raptors walikuwa hawajapata kumpa mtu yeyote tangu timu ilipoanza kucheza mwaka 1995. Aliyetunukiwa ni Vince Carter. Na waliosimama kumpigia makofi ni watu wa mji uleule ambao kwa takriban miaka kumi walimzomea kila alipougusa mpira.

Vijana wetu wapenzi wa kikapu wanalifahamu jambo hili, na ukikaa nao barazani utawasikia wamegawanyika kama walivyogawanyika watu wa Toronto wenyewe. Mmoja atasema kwamba aliyeikimbia timu yake hastahili kutundikiwa hata kitambaa. Mwingine atajibu kwamba mtu huyo ndiye aliyewafanya watu wa Kanada waupende mchezo, na asiyeshukuru kwa kidogo hashukuru kwa kikubwa. Kila mmoja ana hoja, na kila mmoja anasimulia nusu ya kisa. Leo tungependa kuzitazama nusu zote mbili, kwani ndani yake mna funzo linalovuka mipaka ya uwanja wa michezo.

Tuanze na mema yake. Carter aliwasili Toronto mwaka 1998, kijana wa miaka 21. Timu aliyoikuta ilikuwa changa na dhaifu. Katika msimu uliotangulia ilikuwa imeshinda michezo 16 tu kati ya 82. Tena ilikuwa katika nchi ambayo mchezo unaotawala nyoyo za watu ni mpira wa magongo wa kwenye barafu. Mwaka 1999 Carter alichaguliwa kuwa mchezaji bora miongoni mwa waliokuwa wageni katika ligi. Mwezi wa Februari, mwaka 2000, katika mashindano ya kuutumbukiza mpira kikapuni yaliyofanyika Oakland, Marekani, aliruka na kujizungusha hewani kwa namna ambayo hata wachezaji wenzake walishika vichwa. Wapenzi wake wakampa jina la Air Canada, ambalo ni jina la shirika la ndege la nchi yao. Mwaka 2001 Raptors wakavuka awamu ya kwanza ya mtoano, jambo ambalo hawakupata kulifanya kabla ya hapo.

Mwaka huohuo, timu ya pili ya Kanada katika ligi hiyo, iliyokuwa na makao yake Vancouver, ilihamishiwa Memphis, Marekani. Toronto ikabaki peke yake. Watu waliokuwa wakijazana ukumbini kumtazama Carter walikuwa, bila ya wenyewe kujua, wanaijengea timu yao mizizi ya kuhimili pepo kama hizo. Na watoto waliokuwa wakimtazama hawakutazama bure. Mwaka 2013, na tena mwaka 2014, mchezaji aliyechaguliwa wa kwanza kabisa miongoni mwa vijana wanaoingia katika ligi alikuwa mzaliwa wa Toronto: kwanza Anthony Bennett, kisha Andrew Wiggins. Mwaka 2023 Kanada ilipata medali ya shaba katika Kombe la Dunia la kikapu, tena kwa kuifunga Marekani. Haitakuwa haki kumpa mtu mmoja sifa zote za mavuno hayo. Lakini pia haitakuwa haki kumnyima mpanzi jina la mpanzi.

Sasa tuje kwenye lawama. Tarehe 20 Mei, 2001, siku ya mchezo wa saba na wa mwisho dhidi ya Philadelphia, Carter alipanda ndege asubuhi kwenda North Carolina kuhudhuria mahafali ya chuo kikuu alichosoma, akarudi kucheza jioni. Mchezo ulipofika nukta za mwisho, mpira ulikuwa mikononi mwake. Akautupa, ukakosa. Toronto ikafungwa pointi 88 kwa 87. Wapo waliomlaumu kwa safari ile. Sisi hatuoni kuwa hilo ni kosa la kumhukumia mtu, maana kijana anayeheshimu elimu yake anatoa mfano mwema kwa wenzake, na mtupo wa mwisho humkosa hata aliyelala siku nzima.

Lawama iliyo nzito ilikuja baadaye. Baada ya kutia saini mkataba mpya wa miaka sita mwaka 2001, aliandamwa na majeraha, timu ikaporomoka, na mwaka 2004 akataka ahamishwe. Katika michezo 20 ya mwanzo wa msimu huo, akiwa Toronto, alifunga wastani wa pointi 15.9 kwa mchezo. Alipohamishiwa New Jersey, tarehe 17 Desemba, 2004, wastani wake kwa michezo iliyobaki ulipanda hadi pointi 27.5. Mtu yuleyule, mikono ileile, msimu uleule! Mwananchi aliyekatia tiketi kwa jasho lake angefikiri nini? Na kabla hajapata jibu, mwezi wa Januari, mwaka 2005, Carter aliulizwa katika mahojiano ya televisheni iwapo alikuwa akijituma siku zote. Akakiri kwamba katika miaka iliyopita haikuwa hivyo, na kwamba kipaji alichojaliwa kilimzoesha kutojibidiisha.

Hapo ndipo kuzomea kulipoanza. Mwezi wa Aprili, mwaka 2005, alirudi Toronto akiwa na wageni, akazomewa, akafunga pointi 39. Januari, mwaka 2006, akazomewa tena, akafunga pointi 42, nazo zilikuwamo pointi tatu za nukta za mwisho zilizowapa wageni ushindi. Mwaka 2007 timu yake ikaitoa Toronto katika mtoano. Miaka ikapita, akahama timu moja hadi nyingine, na kelele zikamfuata. Ikafika wakati hata watoto ambao hawakupata kumwona akiichezea Toronto walikuwa wakimzomea. Walikuwa wamerithi hasira kama mtu anavyorithi shamba, bila ya kujua ni nani aliyelilima.

Lakini ndugu msomaji, katika kisa hiki kuna mshitakiwa mwingine ambaye hakuzomewa. Uongozi wa timu, ulipokubali kumwachia mchezaji wake mkuu, ulipata nini? Ulipata wachezaji watatu pamoja na haki ya kuchagua vijana wawili katika miaka ya mbele. Mkubwa wa hao watatu, Alonzo Mourning, hakuvaa fulana ya Toronto hata siku moja. Mkataba wake ukavunjwa kwa fedha, akaenda zake. Carter aliondoka na lawama zote, na lawama za waliobaki ofisini zikaondoka naye katika mzigo uleule. Ni tabia ya wanadamu, tena hasa ya viongozi, kumtwika aliyekwishavuka bahari makosa ambayo wenyewe walishiriki kuyatenda.

Tarehe 19 Novemba, 2014, Carter aliingia tena katika ukumbi ule, safari hii akiichezea Memphis. Timu ya Toronto ilikuwa inatimiza msimu wake wa ishirini, na mchezo uliposimama kwa muda mfupi, picha za siku zake za ujana zilionyeshwa. Zomeazomea ilisikika mwanzoni. Kisha makofi yakaizidi, na watu wakasimama. Mtu mzima yule, mbele ya maelfu, akatokwa na machozi. Aliendelea kucheza hadi mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka 43, baada ya misimu 22, idadi ambayo hakuna aliyepata kuifikia kabla yake katika ligi hiyo.

Hata hivyo, ilipotangazwa kwamba fulana yake itakuwa ya kwanza kutundikwa, ubishi ulifufuka. Wengi walisema kwamba wa kwanza angepaswa kuwa Kyle Lowry, aliyekaa Toronto misimu tisa na kuwa nguzo ya timu iliyotwaa ubingwa mwaka 2019. Hoja hiyo ina uzito. Uaminifu wa kukaa na kuvumilia ni kazi isiyo na mbwembwe, na jamii isiyowaheshimu wanaokaa itajikuta siku moja haina wa kukaa.

Basi nani alikosea, waliozomea au waliopiga makofi? Sisi tunasema kwamba wote walikuwa na haki, na kosa lilikuwa kudhani kwamba haki moja lazima ifute nyingine. Tulipokuwa vyuoni tulifundishwa kwamba mizani ina vitanga viwili, na kwamba wema wa uzito wa chembe utaonekana, na ubaya wa uzito wa chembe utaonekana. Tulipokua tukafundishwa katika vikao vya matawi kujikosoa na kukosoana. Carter alijikosoa hadharani, akaadhibiwa kwa kukiri kuliko ambavyo angeadhibiwa kwa kunyamaza. Hilo ni jambo la kutafakari kwa kila anayetaka wenzake waseme kweli.

Watu wa visiwani wanajua kuondoka. Hakuna nyumba kwetu isiyokuwa na mtu aliyepanda chombo: daktari aliyesomeshwa kwa kodi ya wananchi, mwalimu, baharia, mchezaji. Anapotajwa, tunamwita msaliti. Anaporudi na mizigo, tunamchinjia mbuzi na kujifanya hapakuwa na neno. Njia zote mbili ni za mkato. Aliyeondoka na aulizwe deni lake, na ashukuriwe kwa alilotenda. Na kiongozi wa mahali alipotoka naye aulizwe ni kitu gani kilichomfanya mtu huyo atamani kuondoka. Swali hili la mwisho ndilo tunaloliogopa zaidi, na ndilo lenye manufaa zaidi.

Mzazi wa Toronto anayemwonyesha mwanawe fulana ile darini hana haja ya kuficha kitu. Anaweza kumwambia: huyu alitufurahisha, akatuudhi, tukamzomea, nami nilikuwa miongoni mwa waliozomea, na hiyo hapo ni fulana yake. Nasi tuwasimulie wanetu habari za watu wetu kwa ukamilifu wa namna hiyo.