Deni la Mpagazi

Sir Edmund Hillary wa New Zealand na Tenzing Norgay walifika kileleni mwa Everest tarehe 29 Mei, 1953. Wengi wangetosheka na sifa hiyo. Lakini Washerpa wa Nepal, wapagazi wa safari zile, walipomwomba shule kwa ajili ya watoto wao, aliwajengea ya kwanza Khumjung mwaka 1961. Akatunga kitabu juu ya kazi hiyo, akazunguka nchi nyingi akihutubu na kukusanya fedha. Mwaka 1975 mkewe na binti yao walikufa kwa ajali ya ndege wakimwendea alikojenga hospitali. Hata hivyo hakuiacha kazi. Alifariki mwaka 2008. Basi, msomaji, aliyekuchukulia mzigo usimsahau ukifika juu.