Anayetafuta Chanzo na Apime

Mzazi wa Jinja mwenye simu mkononi na mtoto asiyeacha kuumwa tumbo hakosi mshauri. Miongoni mwa washauri wamo wafuasi wa tiba tendaji, mkondo ulioanzia Marekani na kupata taasisi yake mwaka 1991 kwa juhudi za Jeffrey Bland, mtaalamu wa biokemia. Wanasema hospitali hutibu dalili, ilhali wao hutafuta chanzo: chakula, utumbo, usingizi, msongo wa mawazo, sumu za mazingira. Tena hawamshughulikii mtoto peke yake, bali familia nzima. Maneno hayo yana ukweli mwingi. Ila mashariki mwa Uganda watu walitafuta chanzo kwa namna hiyo kabla mkondo huu haujapata jina, na waliofanya hivyo walishika sharti ambalo wauzaji wengi wa leo hulipita mbio: chanzo kikishatajwa, kipimwe.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amwone mtoto mwenye uvimbe kwenye pembe zote nne za mataya, juu na chini, kulia na kushoto. Uvimbe wa taya kwa kawaida huwa mahali pamoja. Wiki chache baadaye alikuwa kazini katika hospitali ya Jinja, kama kilomita 80 kutoka Kampala. Akatupa jicho dirishani, akamwona mtoto mwingine yuko nje na mama yake, uso umevimba vilevile. Akatoka kumpima, na kweli zilikuwa pembe zote nne. Mgonjwa mmoja wa namna hiyo ni kisa cha kusimuliana, lakini wakiwa wawili pana swali.

Burkitt hakulijibu swali hilo kwa kukisia. Alipekua majalada, akakuta kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe mwingine tumboni, na kumbe ugonjwa ulikuwa mmoja, saratani yenye majina mengi. Kwa ruzuku ya serikali ya pauni 25 alichapisha vipeperushi vyenye picha, akavituma hospitali za Afrika kuuliza nani ameuona. (Hata kwa thamani ya leo, fedha hizo hazifikii bei ya baadhi ya vifurushi vya vipimo anavyouziwa mzazi mwenye wasiwasi.) Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walipanda gari la Ford la mtumba, wakaendesha kilomita zipatazo 16,000 kwa wiki kumi, hospitali hadi hospitali. Ramani yao ilionyesha kwamba ugonjwa huo ulikaa kwenye joto na mvua, na ulitoweka kwenye nyanda za baridi na kwenye ukame. Mwaka 1964 jijini London, Anthony Epstein na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo.

Kirusi hicho kimo miilini mwa karibu watu wazima wote duniani, na wengi hakiwasumbui. Panapokuwa na malaria inayomrudia mtoto tena na tena, kinga hulegea na saratani huweza kupata upenyo. Chanzo, basi, hakikuwa jikoni kwa mama. Kilikuwa kwa kirusi na mbu kwa pamoja, jambo ambalo familia moja haiwezi kulimaliza kwa kubadilisha kifungua kinywa.

Burkitt huyohuyo alikuja kuwa mtume wa nyuzinyuzi za chakula. Yeye na Trowell walijiuliza kwa nini magonjwa ya utumbo yaliyojaa Ulaya yalikuwa haba katika hospitali za Afrika Mashariki. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha takwimu: wanakijiji wa Uganda walitoa takriban gramu 470 za kinyesi kwa siku, wanamaji wa Uingereza kama 100. Walipima kweli, kwa mizani. Sayansi haina haya. Faida ya nyuzinyuzi kwa afya haina ubishi leo, lakini mengi aliyozibebesha yamebaki dhana, kwani mwanakijiji na mwanamaji hawatofautiani kwa sahani tu. Mtu aliyepatia mara moja naye hupimwa upya.

Hapo ndipo tiba tendaji hujikwaa. Chukua kipimo cha damu kinachodai kufichua vyakula ambavyo mwili wa mtoto unavikataa, kwa kuhesabu kingamwili za aina ya IgG. Vyama vya wataalamu wa mzio, Ulaya na Amerika Kaskazini, vimeonya dhidi yake, kwa sababu kingamwili hizo huonyesha tu kwamba mtu amekula chakula fulani. Mpime mwanafunzi wa bweni, na huenda posho, yaani ugali, na maharage vikawa washtakiwa wa kwanza.

Hospitali nazo zimewahi kuumbuka. Mbale ilikuwa moja ya vituo vya jaribio lililofanyika Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto 3,141 walioletwa na homa kali na mzunguko wa damu ukizorota. Kwa miongo madaktari waliamini watoto kama hao wapewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Hoja ilikuwa safi na vitabu vilikubali. Mwaka 2011 matokeo yalitoka: katika saa 48, waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi ya 10 kwa kila 100, na wasiopewa walikufa 7. (Watoto wa kuhara hawakuwamo, wao hesabu yao ni nyingine.) Bila kundi la kulinganisha, kila mtoto aliyepona angehesabiwa ushahidi wa dripu.

Chakula nacho kimepita mtihani wa aina hiyo. Huko Kamuli, kaskazini ya Jinja, kati ya 2007 na 2009 kaya zilipewa marando ya viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya machungwa, huku kaya nyingine zikifuatiliwa kwa ulinganisho. Watoto wa kaya zilizopanda walipata vitamini A zaidi. Mganda Robert Mwanga, mmoja wa wataalamu waliozalisha aina za viazi hivyo, alikuwa kati ya washindi wa Tuzo ya Chakula Duniani ya 2016. Kiazi hakikuhitaji chupa wala lebo.

Aprili 2025 Uganda ilianza kuchanja watoto dhidi ya malaria, dozi nne hadi miezi 18. Anayependa vyanzo anapaswa kuwa wa kwanza kwenye foleni hiyo. Na mshauri akimtajia mzazi chanzo na bei kwa pamoja, aulizwe mawili: umejuaje, na ulilinganisha na nani? Akikasirika, atakuwa ameisaidia familia bila malipo.