Manjano, Vitunguu na Tiba ya Mionzi

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani zinazowapata wanawake wa Tanzania, na mionzi ni nguzo kubwa ya matibabu yake. Kwa kawaida mgonjwa hupigwa mionzi kidogo kidogo, siku tano kwa juma, kwa muda wa majuma matano hivi. Katika kipindi hicho wengi huanza kuharisha na kusokotwa na tumbo. Hapo ndipo jamaa na majirani huleta unga wa manjano na mizizi ya kuchemsha, kila mmoja akiwa na nia njema.

Kwa nini tumbo liumie? Utumbo u jirani na kizazi, na ngozi yake ya ndani hujijenga upya kila baada ya siku tatu hadi tano. Mionzi huziumiza zaidi chembe hai zinazozaliana upesi, ziwe za saratani au za utumbo. Ikipenya mwilini huvunja maji yaliyomo, nayo hutoa chembe kali zinazokata vinasaba. Chembe mama za utumbo zikifa, ngozi ile hubaki na majeraha.

Mimea nayo ina viini vinavyoweza kuzituliza chembe kali hizo. Manjano yana kurikumini, vitunguu vina kwesetini, na soya ina jenisteini. Katika maabara, panya waliopewa viini vya namna hiyo kabla ya kupigwa mionzi walionekana kuumia utumbo kwa kiasi kidogo zaidi. Habari hiyo yatia moyo, lakini panya si binadamu. Tena kurikumini tunayokula huingia katika damu kwa kiasi kidogo sana.

Ndugu msomaji, lipo jambo zito zaidi. Kinachoikinga chembe nzima huenda kikaikinga na ya saratani. Nchini Kanada, wagonjwa 540 wa saratani za kichwa na shingo walishiriki katika jaribio la vidonge vya vitamini zenye uwezo wa kutuliza chembe kali. Taarifa ya mwaka 2005 ilionyesha kuwa waliopewa vitamini hizo walipata madhara makali machache zaidi ya mionzi. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba vifo vilikuwa vingi zaidi miongoni mwa waliopewa vitamini E. Nafuu ya leo yaweza kuwa na gharama kesho.

Je, mimea haina msaada wowote? Unao, na huenda upo katika sahani zaidi kuliko katika kidonge. Jaribio la London lililochapishwa mwaka 2017 liliwahusu wagonjwa 166 waliopigwa mionzi ya nyonga. Waliokula kwa wingi vyakula vyenye nyuzinyuzi, kama nafaka zisizokobolewa, walisumbuliwa kidogo zaidi na matumbo, hata baada ya mwaka mmoja. Zamani wagonjwa wengi walishauriwa kuviepuka vyakula hivyo.

Basi manjano yabaki katika mchuzi na kitunguu katika kachumbari. Ama unga wa kulamba kwa vijiko, vidonge vya dukani na mizizi ya kuchemsha, mgonjwa asivitumie kabla ya kumweleza daktari wake. Naye anayeharisha asinyamaze kwa haya, wala asikatishe tiba. Aseme mapema, kwani dawa za kumsaidia zipo.