Motere ikiongezwa nguvu, ambreyaji ndiyo inalipa

Mwenye kubeba watu wawili, gunia la mchele na bidoni ya mazutu kutoka Butembo kushuka Manguredjipa hatafuti mwendo. Anatafuta nguvu. Pikipiki ikianza kuhema kwenye mlima, wazo linakuja haraka: fundi atoe silinda ya 125, aweke ya 150. Mchimbaji aliyepata zahabu kidogo kwenye kare anaona hiyo ni pesa iliyotumika vizuri. Tuangalie basi nini inapata motere kisha ile kazi, juu kwa familia nyingi za kwetu, hapa Vulamba na kwingine, pikipiki ndiyo shamba la pili.

Hesabu ya silinda

Pikipiki nyingi za Kichina zilifuata mfano wa Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Pistoni yake ina upana wa milimita 56,5, na inapanda na kushuka milimita 49,5. Ile ya 150 ina upana wa milimita 62, lakini mwendo wake ni uleule. Ndiyo maana fundi anaweza kuikubalisha, hata kama mara nyingine inabidi achonge kasha la motere.

Sasa mambo ni hivi: uso wa pistoni umeongezeka kama asilimia 20, na msukumo nao vilevile. Lakini bieli, rulma na ambreyaji vimebaki vya 125. Umempa mtoto wa miaka kumi gunia la baba yake.

Hata Ulaya wanaijua hii taabu. Volkswagen Golf GTI ilitoka mwaka uleule wa 1976 na nguvu za farasi 110. Tangu hapo vijana wanaongeza nguvu kwa magari madogo ya namna hiyo, na mara nyingi ambreyaji ndiyo inachoka ya kwanza.

Hewa ya Butembo si ya msituni

Butembo iko kwenye mita zaidi ya 1700. Huku juu hewa ni nyepesi, na motere inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Kumbe 125 yako inavuta hapa kama 105 ya kando ya bahari. Si lazima iwe mgonjwa.

Juu ya hewa nyepesi, mafundi wengine wanapunguza jikleri ya kabureta ili pikipiki isile esansi nyingi. Mjini inatembea vizuri. Ukishuka msituni hewa inakuwa nzito, esansi inakuwa kidogo kwa ile hewa, na motere inachemka. Ongeza silinda kubwa, ongeza mzigo: pistoni inasera, yaani inakwama ndani ya silinda. Ukitoa na filtre ya hewa ili ivute zaidi, unaleta joto pamoja na vumbi.

Buji itakuambia. Ikiwa na rangi ya kahawia, ni sawa. Ikiwa nyeupe, motere inaungua. Ikiwa nyeusi na yenye maji, esansi inazidi.

Ambreyaji inaoga mafuta gani?

Katika hizi pikipiki, diski za ambreyaji zinaoga ndani ya mafuta yaleyale ya motere. Mafuta mengine ya gari yana dawa ya kulainisha ambayo inafanya diski ziteleze. Angalia kwenye chupa: tafuta maandishi JASO MA, ndiyo mafuta yaliyopimwa kwa ambreyaji ya namna hii.

Ukipanda mlima na motere inapiga kelele zaidi lakini gurudumu halivuti, diski zinateleza. Ukisikia harufu ya kuungua, zinaisha. Acha pia mkono wa ambreyaji ucheze milimita 10 mpaka 20 mbele ya kukamata. Na usipande kilima kizima na ambreyaji nusu: hiyo ni kuisaga.

Nguvu ya bei ndogo

Mbele ya kugusa silinda, gusa meno. Kama pinyo ya mbele ina meno 15, weka ya 14. Gurudumu linavuta zaidi karibu asilimia 7, ambreyaji inaondoka bila taabu, na ndani ya motere hakuna kilichofunguliwa. Unapoteza mwendo kidogo tu, na katika ile njia ya matope nani anakimbia?

Kama silinda imekwisha badilishwa, basi maliza kazi: diski mpya na resori zake, jikleri inayofaa, kisha rodaji ya kilometa 500 bila mzigo mzito. Usianze rodaji na gunia mbili na safari ya Njiapanda.

Tunasema hivi kwa sababu pale pikipiki inakufa si pa kulala. Mwaka 2024 waasi wa ADF waliua raia katika vijiji vya sekta ya Bapere, na watu wanajua maana ya kushikwa na usiku njiani. Mama anayengoja nyumbani hahesabu nguvu za farasi. Anahesabu saa. Pikipiki yenye nguvu kidogo inayofika ni bora kuliko yenye nguvu nyingi inayobaki msituni.