Usipime maji ukaziacha kuta za tangi

Karakana iliyofungwa Ijumaa jioni, ikifunguliwa Jumatatu na mashine za kukereza kuwashwa, mara nyingi hunuka mayai viza. Mafundi huizoea harufu hiyo, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Maji ya kupozea chuma yakitulia siku mbili, mafuta yaliyovuja kwenye mashine huelea juu na kuzuia hewa isipenye. Oksijeni ikiisha, bakteria wasioihitaji hubadili salfeti kuwa gesi ya haidrojeni salfaidi.

Maji hayo huwa na mafuta kiasi cha asilimia 3 hadi 10 tu. Yaliyobaki ni maji yenye vuguvugu, na chakula cha bakteria kimo tele. Bakteria wakizidi, pH iliyokuwa karibu na 9 hushuka, mafuta hujitenga na chuma huanza kushika kutu. Lakini linaloniuma zaidi ni mapafu ya wafanyakazi, kwa sababu mashine inayozunguka kwa kasi hurusha ukungu wa maji hayo hewani. Katika kiwanda kimoja cha injini za magari huko Birmingham, Uingereza, miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi 87 waligundulika kuwa na magonjwa ya mapafu yaliyotokana na kazi, mengi yakiwa pumu.

Kipimo kilichozoeleka ni kijiti bapa cha plastiki kilichopakwa chakula cha bakteria. Unakichovya, unakiweka penye joto la nyuzi 30 hivi kwa siku moja au mbili, kisha unalinganisha madoa yaliyoota na picha za mfano. Bakteria wakifika milioni moja kwa mililita, maji yamwagwe na tangi lisafishwe. Asiyeweza kusubiri hupima ATP, kemikali ya nishati iliyomo katika kila seli hai, kwa kutumia kimeng'enya kile kile kinachomfanya kimulimuli ang'ae. Jibu hupatikana kwa dakika chache. Hata hivyo, bakteria *Mycobacterium immunogenum*, aliyetambuliwa kuwa spishi mpya mwaka 2001 na kuhusishwa na uvimbe wa mapafu kwa wachonga chuma, ana ukuta wa seli wenye nta. Hukua polepole kwenye kijiti, na ATP yake haitoki kirahisi.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba vipimo vyote viwili, vikifanywa kwenye maji peke yake, huhesabu bakteria wanaoelea tu. Wengi wamejishika kwenye kuta, ndani ya mipira ya maji na chini ya mkanda unaotoa chenga za chuma, wamejifunika utando wa ute ambao dawa ya kuua bakteria haipenyi vizuri. Hesabu ikishuka baada ya dawa kisha ikapanda tena baada ya siku chache, au maji mapya yakichacha upesi, shuku utando huo. Chukua pamba safi, sugua eneo la sentimita 10 kwa 10 ukutani, hasa penye mstari wa maji, upime ATP yake. Rudia pale pale baada ya usafi.

Usafi wenyewe unataka dawa ya kusafishia izungushwe kwenye mfumo kwa saa kadhaa kabla ya kumwaga, kisha tope likwanguliwe na mabomba yasuuzwe. Anayeingia kukwangua avae barakoa ya kuchuja hewa, na asitumie mpira wa maji wa shinikizo kubwa: bakteria waliokufa huacha sumu ya kuta zao, na mpuo huo huigeuza ukungu unaovutwa puani.